Mto Unaorudi Nyuma na Gunia la Papa

Mmeniuliza nyote, kila mtu kwa tabia yake. Mwenye adabu kauliza, "Safari ilikuwaje?" Asiye na adabu kauliza, "Imekuwaje umekwenda na gunia la papa umerudi na chungu cha Bahla?" Nimejaribu kujibu kwa mdomo, lakini kila nikifika mahali patamu Khalfan hunikatiza, ati yeye ndiye aliyeiona dunia. Basi naandika. Kwenye karatasi hana pa kuingilia.

Sur mpaka Ibra

Siku zile lami ilikuwa bado haijafika upande wetu wa Oman. Ukitoka Sur kwenda Ibra ulipanda Land Rover ya abiria, ukakaa juu ya mizigo ya watu na watu wakakaa juu ya mzigo wako. Mzigo wangu ulikuwa gunia la papa mkavu. Mama alilishona mwenyewe mdomo, akaniambia: "Mpe mama yake Zuwena mkononi. Mwambie mama anakusalimu sana. Usiseme jengine. Akilipokea, mwanamke mwenzangu atafahamu."

Watu wa Ibra wako mbali na bahari, na papa wa Sur wanampenda. Lakini gunia zima halitoki kwa mama mwenye kijana kwenda kwa mama mwenye binti bila ya maana. Nanyi mnajua hivyo, ndiyo maana mlinicheka tangu nilipokuwa nalipakia.

Zuwena nilimjua nilipokuwa nikitengeneza pampu za maji Ibra. Shule niliiacha mapema, na kazi nilizoziacha ni nyingi, lakini kule nilikawia. Babake, Ami Hamed, ambaye si ami yangu wa damu ila tunamwita hivyo kwa heshima, ni arifu wa falaji. Yaani ndiye msimamizi wa ule mfereji unaotoa maji chini ya mlima, na ndiye anayegawa zamu kwa kila shamba. Nikimaliza kazi nilikuwa nanywa chai kibarazani kwake, na Zuwena huniuliza maswali kutoka nyuma ya mlango. Barabara ya Bidbid inaishia wapi? Nizwa kuna nini? Na mbele ya Nizwa? Mimi nilimjibu mpaka pale nilipofika, na sikufika mbali. Mtu mwenye uchu wa dunia kama mimi, tangu meli iliyotutoa Unguja ilipotushusha, sijavuka mpaka hata mmoja.

Khalfan ndiye aliyevuka. Ni mtoto wa ami yangu wa kweli, mdogo wangu kwa miezi tu, na tumelelewa nyumba moja. Baada ya Unguja aliingia kwenye meli za mizigo, akipaka grisi mashine, na alirudi Oman akiwa na mkoba mdogo na mdomo mkubwa. Katika yote aliyoyaona, lililompa jina ni moja: meli yao iliwahi kupanda mto hadi mji mkuu wa Kambodia, kabla ya nchi ile kuingia vitani. Mashine ikaharibika, wakakaa wakingoja chuma kutoka ng'ambo, naye akapanda basi kwenda kuuona mji wa kale wa Wakhmeri.

Safari hii Khalfan alinikuta garini, gunia limeshapakiwa, akasema naye ana haja Ibra. Katika gari alikuwamo pia bibi mmoja wa Kibedui mwenye mbuzi. Hatujatoka hata mjini akasema kwa Kiarabu, "Nani kafa humu?"

"Papa wa mwenzangu," akasema Khalfan, na gari zima likacheka. Halafu, kuwasahaulisha harufu, akaanza. Aliwaambia habari za minara ya mawe katikati ya msitu, kila mnara una nyuso nne kubwa, macho yamefumbwa nusu, midomo inataka kucheka. "Unaziona kama zinajua ulichokula jana." Akawaambia kuwa nyumba za wale watu wa kale hazionekani tena, kwa sababu mawe yalikuwa ya miungu tu, hata mfalme, mwenye kuamuru yote yale, alilala kwenye nyumba ya mbao. Mbao zikaoza, miungu ikabaki haina jirani.

Bibi akasahau papa. Akamsogezea Khalfan tende. Mimi, niliyekuwa nimekaa baina yake na mbuzi wake, hakunisogezea kitu.

Bidiya tairi likapasuka. Tukashuka, kwa upande mmoja mchanga mwekundu umesimama kama ukuta, kwa upande wa pili mitende. Khalfan akanivuta kando.

"Kaka Nasor."

Nikajua pana jambo. Siku zote mimi kwake ni "yakhe". Ukaka hunipa akiwa na haja.

"Ibra nakwenda kuposa."

"Kumposa nani?"

"Zuwena wa Ami Hamed. Si unakumbuka mwaka jana nilisimulia arusini kwao? Kesho yake alinitumia swali kwa mdomo wa mama mmoja. Kauliza, hao wanawake wa Kikhmeri waliochongwa ukutani, wanauza wenyewe sokoni au wanawauzia waume zao?"

"Ukamjibu nini?"

"Wanauza wenyewe, wamekaa chini na mizani mkononi, na wanaume ndio wanaobeba vikapu. Yakhe, alicheka, niliambiwa, mpaka akakaa." Akanishika bega. "Mtu hajiposei. Mzee wetu hayupo. Wewe ndiye mkubwa, utanisemea."

Nililitazama lile tairi muda mrefu. Mngekuwa nyinyi mngesema nini? Kwetu mdogo akimwomba mkubwa amposee, mkubwa hana neno ila inshallah.

"Inshallah," nikasema.

"Na hilo gunia la kumpa nani?"

"La safari."

Ibra

Gunia nililiacha nje, pembeni mwa viatu. Ndani ilinibidi nishike mwanzo wa mazungumzo, na hapa nitawaeleza wale kati yenu waliozaliwa Unguja na wakakulia mjini, maana jambo hili ndilo lililokuja kunikaba.

Kule bara mgeni haingii akabwata. Mkikaa, mkila tende, kahawa ikizunguka, mwenye nyumba humuuliza mkubwa wa wageni: ulum, khabari? Mkubwa hujibu: mashi ulum, hakuna khabari ila kheri. Hata kama mjomba wenu kafa na ngamia kaibiwa, jibu la kwanza ni hilo. Kisha naye humuuliza mwenye nyumba, naye hujibu hivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo mwenye nyumba huuliza mara ya pili, na hapo sasa khabari hutoka, na hutoka kwa mdomo wa mkubwa peke yake. Asipoulizwa mara ya pili, hana ruhusa ya kuzisukuma.

Kutoka nyuma ya mlango nikasikia: "Shikamoo kaka Nasor. Karibu." Moyo ukanipanda. Nikangoja nisikie Khalfan ataitwaje. Hakuitwa chochote. Mimi kanikaribisha kwa jina, yeye kama hayupo! Nikanywa kahawa yangu kwa raha, mjinga mimi.

Ami Hamed akauliza, nikajibu, nikamuuliza, akajibu, akauliza tena. Nikamposea Khalfan. Nadhani nilisema vizuri. Ulimi wangu ni mzuri zaidi ninaposema nisilolitaka.

Ami Hamed alisikiliza akikuna kidevu. Ana Kiswahili cha Mkunazini, Unguja, cha ujana wake, na humsema mtu nacho taratibu mpaka mtu akajuta.

"Khalfan huyu ndiye yule asemaye kuna mto unarudi nyuma?"

"Ndiye, ami," akasema Khalfan mwenyewe. "Kila mwaka. Nimesimama ukingoni nimeuona. Nusu ya mwaka unakwenda baharini, nusu ya mwaka unapanda bara, unalijaza ziwa mpaka miti inazama. Siku unapogeuka watu hushindana kwa mitumbwi na kula ndizi na wali mpya."

"Sikukuuliza wewe," akasema Ami Hamed. "Sikiliza, Nasor. Mimi sina kitu nawahukumia watu ila maji. Mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini wakigombana, nawaambia maji yanashuka, na wote wanakubali, kwa sababu hakuna aliyeyaona yakipanda. Sasa nimwoze binti yangu mtu ambaye kila arusi anasimama kusema maji yanapanda? Anayeongopa juu ya mto ataongopa juu ya zamu."

Palikuwa na mgeni mwengine, mfanyabiashara wa tende kutoka Bahla. Akasema kwao yupo ustadhi wa Kurani aliyetoka nchi hiyo hiyo ya Kambodia, mtu mkali lakini mkweli.

Ami Hamed akanikabili. "Basi nendeni mkamuulize. Mkirudi sitamuuliza Khalfan, maana yeye anataka mke. Nitakuuliza wewe. Wewe huna unachotaka hapa."

Nikasema ndiyo, ami.

Tulipotoka nilitazama gunia langu pembeni mwa viatu, nikalitia begani.

Bidbid

Bidbid ndipo njia ya kwetu inapokutana na njia ya Nizwa, na ndipo ninapopajua kuliko mahali popote ulimwenguni, kwa sababu nimengoja gari pale zaidi ya nilivyosafiri. Siku ile tulingoja tena. Tulikula maharage na mkate katika mkahawa wa Mhindi, na Khalfan, bila ya kuulizwa, akamweleza Mhindi yule habari za maziwa ya maji ya Wakhmeri: si maziwa ya Mungu, ya kuchimbwa, ya mstatili, wafalme walikuwa wakishindana nani atachimba refu, wakajenga na kisiwa katikati na hekalu juu yake. Mhindi akamwambia miungu hiyo anaijua, ni ya kwao, akawaita wapishi waje kusikiliza. Chai ya Khalfan ilikuja na maziwa mazito. Yangu ilikuja imepoa.

Gari tulilolipata lilikuwa lori la saruji. Dereva aliposikia tunamtafuta mtu wa Kambodia alisema, "Huyo namjua, yupo hapa mbele," akatushusha kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Tukaletewa msimamizi, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye kofia ya bati. Khalfan akampigia salamu ya Kikhmeri kwa mikono miwili kifuani, na maneno aliyoyahifadhi miaka yote. Mtu yule akatazama huku na huku kuona ni nani anayesalimiwa. Alikuwa Mkorea. Hakuwa na Kiarabu wala sisi hatukuwa na Kikorea. Akakata shauri kuwa tumekuja kuomba chakula, akatupa kabichi iliyochachuliwa kwa pilipili.

Khalfan alitokwa machozi. "Yakhe, hii si ya kule."

"Sisi ndio tunakuuliza wewe wa kule," nikamwambia. Wallahi ilikuwa saa yangu tamu kuliko zote za safari. Nikaomba kabichi nyengine nile mbele yake.

Nizwa

Nizwa tulilala kwa jamaa. Asubuhi mwenyeji wetu alituonya tusikae Bahla, kuna wachawi. Akatutolea na kisa cha mtu aliyegeuzwa punda akauzwa soko la mbuzi. Khalfan akamjibu kwa kisa cha Wakhmeri walioamini chini ya ardhi kuna nyoka mwenye vichwa saba ambaye ndiye babu wa wafalme wao, na ndiyo maana kila daraja la mawe ukingo wake ni mwili wa nyoka. Mwenyeji akasahau punda wake.

Niliondoka nikaenda kukaa kwenye falaji inayopita mashambani. Maji safi, yanakwenda kwa haraka, na vitoto vya samaki vinaogelea kinyume chake bila ya kwenda popote. Nikawaza: mtu huyu ameuona mji mmoja, tena miaka ile, na tangu hapo hajalipa chai mahali popote. Na mimi niliyezunguka nchi hii mpaka mbwa wa Bidbid wananijua, nina nini cha kusema mlangoni kwa mtu? Namwomba Mungu ustadhi aseme mto huo haupo.

Sikuona haya kuomba hivyo. Nilikuwa nimeshatia udhu.

Bahla

Ustadh Musa tulimkuta msikitini chini ya ile ngome ya udongo, anawasahihisha vijana kwa fimbo ambayo haikumgusa mtu. Mwembamba, nywele zimeanza mvi, Kiarabu chake cha vitabuni. Alituchukua kwake, chumba kimoja karibu na tanuri za wafinyanzi, akatutilia kahawa, akauliza khabari. Nikajibu hakuna ila kheri. Kabla hajauliza mara ya pili alisimama, akanusa.

"Nini hicho mlangoni?"

"Papa, ustadhi. Niwie radhi, nitakiondoa."

"Usikiondoe." Akatoka, akapiga magoti mbele ya gunia langu, akatia pua kwenye mshono. Kisha akasema, bila ya kugeuka, kuwa kwao, samaki wakijaa ziwani, watu huwasaga na chumvi na kuwaacha wakaiva kwenye mitungi, na harufu ile mgeni huikimbia, na mtoto wa kule huijua kabla ya kumjua babake.

Alitueleza maisha yake kwa ufupi. Alikwenda kusoma Misri akiwa kijana. Akiwa huko nchi yake ikafungwa, wakashika serikali watu waliowaua wenye elimu na wenye dini. Kijiji chao kilikuwa ukingoni mwa mto. Jirani mmoja aliyekimbilia Malaya akamwandikia barua hakuwa na salamu za mtu hata mmoja wa nyumbani kwake.

Nikamuuliza nilichotumwa. Niliuliza polepole.

"Mto unarudi nyuma," akasema Ustadh Musa. "Kila mwaka. Mnashangaa nini? Mto wetu ni mdogo, unatoka ziwani kwenda kukutana na mto mkubwa. Msimu wa mvua mto mkubwa unajaa mpaka unakuwa juu kuliko ziwa, unausukuma mdogo urudi ulikotoka. Mvua ikikatika, mkubwa unashuka, mdogo unageuka. Maji hayapandi mlima. Ni kuwa juu na chini zimebadilishana mahali."

Khalfan akanipiga kofi la mgongo. Nilicheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

"Na ule mji wa kale?" akaendelea Ustadh Musa. "Uliufikia kweli?"

"Niliufikia."

"Mimi ni Mcham, si Mkhmeri. Babu zetu walikuwa na ufalme wao, na walipigana na Wakhmeri kwenye ziwa lile lile, mitumbwi kwa mitumbwi. Wanasema vita vile vimechongwa ukutani. Uliviona?"

Khalfan akajibu taratibu, bila ya ule mdomo wake. "Niliviona. Mitumbwi mirefu, na makasia yametoka safu safu. Wanaopigwa wamevaa kofia kama ua lililopinduliwa. Chini yao, majini, kuna mamba wanawangoja walioanguka. Na chini zaidi wachongaji wamechonga watu wasiojali vita: mmoja anapika, wengine wanapiganisha majogoo."

"Wenye kofia za maua ndio sisi," akasema Ustadh Musa. "Baba hakunipeleka. Alisema kule ni kwa masanamu, ukikua utakwenda mwenyewe ukitaka. Nikakua, nikaenda Misri." Alimtazama Khalfan, na ule mtazamo niliujua, kwa kuwa nimeuvaa usoni mwangu tangu Bidiya. Ila wake ulikuwa na uzito ambao wangu haukuwa nao. "Wewe, mpakaji grisi, umewaona babu zangu. Mimi sijawaona."

Khalfan akamwomba karatasi amchoree, akasema hajui kuchora, akachora hivyo hivyo: mtumbwi kama kiatu, kofia kama kitunguu. Ustadh Musa akaiweka ndani ya mswahafu wake, kisha akaitoa, akasema si pahala pake, akaibandika ukutani.

Nilipoaga nilimwachia gunia.

"La nani hili?" akauliza.

"Lako, ustadhi."

"Nalo lilikuwa linakwenda wapi?"

"Lilikuwa linakuja hapa, ila hatukujua."

Hakuwa na kitu cha kunipa. Akatoka kwa jirani yake mfinyanzi akaniletea chungu cha maji. Hicho ndicho chungu mnachonisemea.

Bahla kurudi Ibra

Lori la kurudi lilibeba vyungu, na sisi tukakaa juu ya majani yaliyovifunika. Baada ya Bidbid mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima, na tulipofika kwenye wadi, ule mto wa bondeni unaokauka mvua ikikosekana, tukaukuta umeteremsha maji. Magari yamepanga mstari ukingoni, watu wametandika, mtu kachinja mbuzi, kama sikukuu. Hakuna wa kuvuka mpaka maji yapungue.

Khalfan akalala majanini. Mimi nikatembea kando ya wadi kwa sababu siwezi kukaa, mnanijua. Nikafika pahala kijito kidogo kinapoingia kwenye wadi mkubwa. Na hapo nikasimama.

Wadi mkubwa ulikuwa mwekundu, unanguruma. Kijito mlima wake haukupata mvua. Na maji ya wadi yalikuwa yanaingia kwenye kijito, yanakwenda bara. Kulikuwa na kuti la mtende linaelea. Liliingia mdomoni mwa kijito, likajigeuza, likaanza kupanda kuelekea mlimani, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nililifuata nikitembea sawa nalo mpaka likakwama kwenye mti wa msidiri.

Sikumwamsha Khalfan. Kuti lile lilikuwa langu. Kitu cha kwanza nilichokiona mimi, na yeye amelala.

Tulipovuka aliniambia, "Kaka Nasor, kule utasema wewe. Usitie chumvi, usipunguze."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi." Akachezea jani. "Lile gunia lilikuwa la nani, kaka?"

"La Ustadh Musa."

Alinitazama, akatazama njia. Mpaka Ibra hakusimulia kitu.

Ibra tena

Tulikaa palepale. Tende, kisha kahawa. Kutoka nyuma ya mlango: "Shikamoo kaka Nasor." Na kwa Khalfan, kimya.

"Ulum?" akauliza Ami Hamed.

"Mashi ulum. Hakuna ila kheri. Kwenu khabari?"

"Mashi ulum."

Basi nikangoja aulize mara ya pili. Hakuuliza. Alichukua birika, akanitilia. Nikanywa. Akanitilia tena. Nikakitikisa kikombe kuwa basi, akakipokea, akakiweka. Nikatambua: mzee anaogopa. Nikisema mto haupo, amemvunja kijana wa watu. Nikisema upo, neno lake la miaka yote juu ya maji limetiwa ufa. Asipouliza, mambo yanabaki yalivyo, na posa inakufa yenyewe kwa adabu, bila ya mtu kuiua. Na mimi sikuwa na haja ya kusema uwongo wowote. Nilichotakiwa ni kukaa na heshima yangu. Mama angeshona gunia jengine.

Khalfan aliangalia mkeka. Wa chini haongei.

Hapo mlango ukasema. Binti hasemi kwenye majlisi ya khabari, sijapata kusikia Ibra nzima, lakini ulisema. "Kaka Nasor. Maji yanarudi au hayarudi?"

Sauti ilikuwa inatetemeka, na haikutetemeka kwa ajili yangu. Ndipo lile kaka liliponiingia. Mtu humwita kaka mtu ambaye hamwogopi kitu. Yule asiyeweza kumwita chochote ndiye mwenyewe.

Ami Hamed hakumkemea. Alinitazama.

Nikasema. Sikusema ya Khalfan. Nilianza na kuti. Nilimweleza wadi mwekundu na kijito, na jinsi lile kuti lilivyojigeuza, na mti liliokwamia. Halafu nikamweleza Ustadh Musa, na mto mdogo na mkubwa, na juu na chini kubadilishana mahali. Halafu ziwa, na samaki, na wafalme waliochimba maji kwa mstatili, na mitumbwi ukutani, na mamba, na mtu mmoja Bahla ambaye babu zake wamevaa maua na hajawaona. Kahawa ilipoa mikononi mwa watu.

Nilipomaliza Ami Hamed aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Mafuriko yale makubwa, nilipokuwa kijana, niliyaona maji yakiingia kwenye mdomo wa falaji kutoka chini. Nikajiambia macho yangu. Sikumwambia mtu." Akageukia mlango. "Mwambie mamako atie wali."

Ndivyo Khalfan alivyopata mke.

Sur

Arusi mlikuja wenyewe, sina la kuongeza. Ila mlichokiona na hamkukifahamu ni hiki. Walipomaliza kula, wazee wa Ibra hawakumwita Khalfan asimulie mto. Waliniita mimi. Nikawapa kuti, wadi, mto, ziwa, mamba, na sijawahi kuufikia mji ule wala sitaufikia. Khalfan alikaa pembeni na kanzu yake ya bwana arusi, akafungua mdomo mara mbili, na mara mbili Ami Hamed akamwambia, "Mwache kakako aseme." Uso wake siku ile niliujua. Nilimkopesha mimi.

Na mpaka leo ndivyo. Sur, Ibra, hata yule Mhindi wa Bidbid, wote wanataka mto kutoka kwangu. Chai yangu inakuja na maziwa mazito. Khalfan hunikatiza, na watu wasipomsikiliza hasubiri. Huinuka, akavaa viatu, akatoka. Watu husema ananionea wivu, na ni kweli, namwona.

Lakini mimi ndiye ninayekaa hapo nikimtazama mgongo wake, na katikati ya mto wangu napoteza neno. Maana najua akitoka hapa anakwenda kwake, kwa Zuwena.